Lastiki Mbili

Raya, mtoto wa mdogo wangu, aliingia dukani kwangu Ruwi
saa sita mchana, lami ya Juni bado imenasa kwenye soli zake,
na vipande viwili vya mpira mkononi.
"Mamkubwa, hiki kifupi kivute hadi kilingane na mwenzake.
Kirefu kisivutwe hata ukucha.
Kisha viunge ubavu kwa ubavu. Gundi, siyo uzi."
Kazi ya chuo, alisema.

Mimi nimetia lastiki kwenye viuno vya suruali
miaka thelathini na moja. Najua:
ukivuta ukishona, ukiachia kitambaa kinajikunja marinda.
Hilo halinishangazi. Hilo ndilo linalonilisha.

Tukabana ncha kwa vibanio vya nguo,
tukangoja chini ya kiyoyozi kinachokohoa.
"Sasa sogeza ncha. Polepole. Usiziachie."

Nilitarajia mzingo mmoja tu, kama waya
wa ile simu ya mezani tuliyopigia Unguja siku ya Idi.
Kikazunguka kulia, mara tatu,
kikasita,
kikakata kona kama mtu aliyesahau kitu jikoni,
kikazunguka kushoto.
Kulia tena. Kushoto.
Raya akazihesabu kona, akaandika: sita.

"Kwa nini kisishike upande mmoja?"
"Ncha zimeshikwa, Mamkubwa. Haziwezi kugeuka.
Kila mzunguko wa kulia ni deni,
lazima kushoto kulipe."

Mama yake alizaliwa hapa hapa Maskati.
Hakuvutwa.
Mimi nilishuka na miaka ishirini, na Kiarabu cha kuazima,
nikanyooshwa mpaka nikalingana naye:
salamu, shela, namna ya kutikisa kikombe
kuwa kahawa imetosha.
Tukaunganishwa nyumba moja, ubavu kwa ubavu.
Waliotutazama waliona mstari.

Sikumwambia Raya hayo.
Nilimuuliza tu, gundi ikibanduka,
kile kifupi kitaurudia ufupi wake?
Akafikiri, kalamu mdomoni.
"Kitarudi. Karibu chote.
Kitabaki na urefu kidogo usio wake."

Mteja akaingia, akakiona kinaning'inia msumarini,
upepo wa kiyoyozi ukikigeuza hivi, ukikigeuza vile,
akasahau suruali aliyoijia,
akauliza ni riyali ngapi.