Kundi la Maji

Saa tatu asubuhi, vumbi la Ng'ong'ona
limeshapanda dirishani.
Namtoa namba saba kwenye maranda,
namshika kama nilivyofundishwa: imara, bila hasira.
Sindano moja, unyayo wa kulia.
Unga huu umetokana na mwani,
umesafiri kutoka pwani nisiyowahi kuiona
kuja kuwasha moto kwenye mguu wa panya
hapa nchi kavu.

Saa ya kwanza, unyayo mwekundu, unang'aa.
Nauchovya mrijani; maji yanapanda,
naandika: moja nukta nne.
Saa ya pili: moja nukta nane.
Mwili umesikia yowe,
umetoka wote na mapanga usiku,
na katika kumtafuta mwizi
unakanyaga mtama wake wenyewe.

Kundi la kwanza, dikilofenaki.
Kundi la pili, mzizi anaouchemsha mama
kule Bahi, mwaka wa sita huu,
kwa ajili ya goti lililonona kuliko yeye.
Kundi la tatu, maji ya chumvi. Basi.

Huwezi kusema dawa imetibu
mpaka awepo asiyetibiwa:
Daktari Chidumizi alisema hivyo, akafuta miwani,
akaenda kunywa chai.
Mimi nikabaki na asiyetibiwa.

Karibu na adhuhuri simu inaita.
Mbukwa, anasema mama. Mzizi wangu umefaulu?
Mpaka sasa, namwambia, umeshindwa na dawa ya dukani,
umeyashinda maji.
Anacheka mpaka anakohoa.
Si haba, kwa mzizi usiokwenda shule.

Kisha kimya. Nasikia mbuzi upande wake,
kifuniko cha sufuria.

Na hao mliowapa maji?

Nilitaka kumweleza kibali chenye mhuri wa kamati,
hesabu tuliyoipiga mara tatu
ili waumie wachache iwezekanavyo.
Nikasema: wapo.

Wapo wanafanya nini?

Namba saba ameukunja mguu wa kulia tumboni.
Amesimama kwa mitatu,
kama yeye anavyosimama jikoni wakati huu,
kiganja ukutani,
uzito wote upande usiouma.

Wamesimama, mama.

Saa ya tatu. Nauchovya tena unyayo, polepole.
Mbili nukta moja.