Kiti cha Kanada

Kura iliniangushia Kanada.
Jani jekundu nililichora mwenyewe kwenye boksi la sabuni,
nikalisimamisha mezani, ukumbini Nyegezi,
feni moja inazunguka, mbili zimegoma.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikaanza,
tai ya kuazima ikinikaba,
"wawekezaji wamefuata taratibu zote.
Wenyeji walishirikishwa. Fidia imelipwa."

Makofi.
Holo, mjumbe wa Bolivia, hakupiga.
Alikuwa anavitazama viatu vyangu,
lile vumbi la kwetu ambalo brashi haikulimaliza.

Fidia.
Nililitamka vizuri, herufi zote tano.
Kwetu neno hilo huja na hesabu:
michungwa minane, muhogo robo eka,
na kaburi la bibi. Mthamini aliuliza,
limejengewa, au ni la udongo?
La udongo bei yake ndogo.

Mama alitia dole gumba.
Wino ule ulikaa siku nne;
akaosha vyombo, akasonga ugali, upo tu.

Azimio likapita, kura kumi na saba kwa tisa.
Nikapewa cheti: Mjumbe Bora.
Nikashuka nacho hadi mwaloni, kwenye harufu ya dagaa,
nikampigia.

"Leo tumejadili ardhi, mama. Upande wangu umeshinda."

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia malori.
"Hongera, baba," akasema.
"Kwa hiyo wanaturudishia lini?"