Supu ya Mtaa wa Viazi

Tartu kuna kitongoji kiitwacho Mji wa Supu,
mitaa yake imepewa majina ya mboga:
Maharage, Njegere, Viazi.
Nyumba ni za mbao, rangi imebanduka upande wa upepo.
Hapo, ghorofa ya pili, tulipika Sild.

Sild ni daraja kwa Kiestonia.
Urmas aliandika mistari mia nne ya kwanza, mafua yakimtoka,
miguu ndani ya soksi za marehemu baba yake.
Kazi yake ilikuwa ndogo: kuchota taarifa katika hifadhi moja,
kuzivusha hadi nyingine, isidondoke hata herufi.
Akauanika msimbo hadharani, leseni ya mistari kumi na mmoja:
chukua, badili, gawa.
Hakuandika asante. Alidhani inajulikana.

Tukaja.
Sumathi wa Koimbatore akaziba mahali kumbukumbu ilipovuja.
Eleuterio wa Valparaiso, ambaye hatukuwahi kumwona uso,
akaifundisha Sild kusoma tarehe za kalenda zilizokufa.
Mimi niliandika maelezo. Kurasa mia mbili na sita.
Kila "bonyeza hapa", kila "usiogope, hii ni kawaida", ni yangu.
Nani husoma jina la mwandishi wa maelezo?

Mwaka wa sita wakaja wa Boston.
Hawakuiba. Niseme haki.
Leseni iliwaruhusu, nao wakapokea kwa mikono miwili,
wakaiuza kwa saa, kama maegesho ya magari.
Kila Ijumaa jioni wakituandikia: Dharura, wateja wetu wanalia.
Wateja walikuwa wao.
Hitilafu ndiyo ilikuwa yetu.

Urmas akachoka. Mtu huchoka.
Benki nayo ilikuwa ikimwandikia, kwa adabu kubwa zaidi.
Akafungua kampuni. Wawekezaji watatu wa Stockholm
wakamnunulia kiti kinachoinama.
Machi, theluji ikigeuka tope, leseni ikabadilika,
mistari kumi na mmoja ikawa kurasa kumi na moja,
na sufuria ikafunikwa.

"Si dhidi yenu, Leelo," aliniambia jikoni kwangu, koti hajavua.
"Ni dhidi ya wale."
Nikamtazama mikono. Bado anakata mkate vibaya,
mnene huku, mwembamba kule.
Nikamuuliza: na Eleuterio? Tarehe zake umezinunua kwa bei gani?
Akasema, mwanasheria anasema...
Sikusikia mwisho. Birika lilikuwa likipiga mluzi.

Wa Boston hawakulala njaa.
Wana wapishi sabini; kufikia Juni wamepika yao.
Mfuniko ulitubana sisi, tuliokuwa na vidole ukingoni.
Na msinisimulie habari za fahali wawili na nyasi.
Nyasi hazikuwahi kuwalea fahali.
Sisi hawa tuliwalea wote wawili, kwa kijiko.

Basi tukachukua toleo la Februari, la mwisho lililokuwa huru,
tukalitenga, tukalipa jina Purre:
ule ubao mmoja wa kuvukia kijito.
Wenye fani huliita tendo hilo uma.
Najua, supu hailiwi kwa uma.
Najua pia uma una meno, na unauma,
humuuma hata aliyeushika mpini.
Sumathi amekuja nasi. Wengine wameajiriwa na Urmas, siwalaumu,
watoto hawali leseni.
Eleuterio hajajibu. Labda ni mgonjwa. Labda amechoshwa na sote.

Jana saa nane usiku limeingia rekebisho,
mtumaji hana jina, hana picha.
Ukurasa wa arobaini na moja nilisahau:
bado nilikuwa nimeandika Sild.
Kafuta, kaandika Purre, kisha, chini kidogo,
kanyoosha kosa la msimbo lililonishinda tangu Aprili,
kila mstari ukiingizwa ndani kwa nafasi tatu.
Dunia nzima huweka nne.
Namjua mmoja tu awekaye tatu.

Nikaendesha majaribio, yote yakapita.
Nikalipokea.
Sikuandika asante.