Kona ya Arobaini na Nne

Simu ya kituo haina adabu:
inaita saa nane, wakati ukungu wa Kitulo
umeshuka kulala nasi kitanda kimoja.
"Amejifungua. Damu haikatiki."
Navaa sweta juu ya sweta, gauni jeupe juu ya yote,
namkuta Obeth Sanga yuko uvunguni mwa gari,
tochi mdomoni, akiibembeleza betri.

Dizeli ya kushuka ipo. Ya kupanda, Mungu anajua.
Mume wa mgonjwa naye anajua:
amekuja na madebe mawili ya viazi begani.
"Shika, nesi, ya mafuta hii."
Nani alimwambia gari letu linakula viazi?
Namrudishia. Anayaacha mlangoni.

Kutoka Matamba hadi Chimala kona ni hamsini na saba.
Obeth huzihesabu kwa sauti, kama mtu anayesali kwa vidole.
Mimi, nyuma, nahesabu mapigo.
Moja, anasema. Mia na kumi, nasema moyoni.
Tano. Mia na kumi na nane.
Tusekile, mama, usilale. Huyu mtoto tumwite nani?
Dripu naishika juu; ndoano ilivunjika Januari,
tuliandika barua, barua haijarudi,
basi ndoano ni mkono wangu.
Mkono wa pili umelikandamiza tumbo lake
kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na upepo.

Kona ya kumi na tisa, lori limelala njia nzima.
Utingo, blanketi kichwani, anachungulia dirishani,
anaona tulichobeba, haulizi.
Wanatoka wanaume watano gizani,
wanabeba mawe, wanajaza mtaro,
tairi letu moja linakanyaga mawe, jingine linakanyaga hewa.
Obeth hapumui. Mimi sipumui.
Tusekile ndiye anayepumua,
anatupumulia wote.

Thelathini. Mia na ishirini na sita.
Arobaini na mbili.
Arobaini na tatu.

Arobaini na tano.

Hajaitaja tangu masika ya mwaka juzi,
usiku wa Lutengano, mpasua mbao, aliyeangukiwa na mti.
Hapo ndipo vidole vyake vilipoacha kunishika.
Nilijua. Sikusema.
Nikamwacha Obeth apige king'ora kona kumi na tatu,
akimkimbiza mtu asiyekuwa na haraka tena.
Chuoni walitufundisha kufunga jeraha, kuhesabu matone.
Jinsi ya kumwambia dereva apunguze mwendo,
somo hilo halikuwepo.

Chimala ni joto. Masweta yananigeuka.
Wanampokea, milango inajifunga kwa kishindo,
nabaki na blanketi lake, ndoo, na bomba la nje.
Nasugua kitanda. Maji mekundu, maji ya waridi,
maji.
Mama wa chai ananiuliza nimeamkaje.
Nimeamka? Namwambia salama.
Mlinzi anasema damu imepatikana, chupa mbili,
kwa sauti ya mtu asiyetaka kuahidi kitu.
Na yule mtoto, kifuani kwa bibi yake,
hana habari na sisi, ananyonya pindo la khanga.

Tukapanda kwa dizeli ya kukopa.
Akirudi huzihesabu kinyumenyume:
hamsini na saba, hamsini na sita,
mgongo wangu ukiuma kila tarakimu.
Tulipofika pale, Obeth alisimamisha gari,
akashuka, akalipiga teke tairi lisilo na kosa,
akasimama akitazama Usangu huko chini,
majaruba ya mpunga yakishika jua moja baada ya jingine.
Alikaa muda mrefu kwa mtu anayekagua tairi.

Mimi sikushuka.
Mkono wa dripu ulikuwa bado unatetemeka,
nikaukalia.
"Arobaini na nne," nilisema,
si kwa nguvu.
Lakini dirisha lilikuwa wazi.