Mrefeji

Agosti, Mabela. Saa sita za mchana
bembea la uani limepata moto kama kikaango,
na paka wa jirani kaja kujilaza chini ya gari letu,
kama kitambaa kilichodondoka kwenye kamba.
Chekechea imefungwa mpaka Septemba.
Mama yake yuko benki, Ruwi, mpaka alasiri.
Na Rayya, miaka minne na robo
(robo hiyo usiisahau, atakukumbusha),
kasimama mbele yangu, mikono kiunoni:
"Babu, mimi sina kazi."

Nami sina, mjukuu wangu.
Miaka thelathini na moja nimefunga mabomba Fahud,
kila vali naijua kwa mlio wake.
Leo naujua mlio wa friji.

Basi tukaipekua nyumba.
Vibomba vya karatasi ya chooni, tisa
(viwili, nakiri, tulivivua nguo kabla ya wakati wake),
boksi la viatu vya Idi,
selotepu, mkasi wake usiokata hata uji,
vifuniko vya chupa za laban,
na bakuli la kokwa za tende nilizokula tangu Ijumaa,
nikaambiwa nisizitupe, zina kazi.

"Tujenge falaji," nikamwambia,
"kama ule wa kijijini kwa bibi yako,
maji yashuke mlimani, mashamba yanywe kwa zamu."
"Mrefeji!" akasema.
Mfereji, nilitaka kusema. Sikusema.
Maneno mengine hukaa mdomoni mwa mtoto msimu mmoja tu,
kama rutabu. Hayahitaji kuharakishwa.

Nikachora ramani. Nikapima mteremko kwa rula,
mzee mzima, kifudifudi juu ya marumaru,
kalamu nyekundu sikioni.
Yeye kibomba cha tatu akakipaka manjano,
manjano hasa, ya jikoni, kwa kidole,
akakibandika macho.
"Huyu mamba. Mamba anakunywa kwanza."
Kwenye ramani yangu hapakuwa na mamba.

Tukamimina kikombe kimoja cha maji.
Hayakumfikia hata huyo mamba.
Karatasi ikalegea, ikainama, ikakaa chini
kama mtu aliyepokea simu mbaya,
marumaru ikawa ziwa
na fulana yangu ndiyo ufuo.
Nikasema lile tulilofunzwa sote:
"Ndiyo hivyo, mama. Maji yakimwagika hayazoleki."

Akanitazama kwa huruma,
huruma ya fundi kwa kibarua.
Akalivuta bakuli la kokwa.
"Haya ndiyo maji," akasema. "Hayalowanishi."
Akayamwaga kutoka juu ya kochi:
taka-taka-taka, yakavishuka vibomba vilivyosalia,
yakazunguka mguu wa meza,
yakampita mamba pembeni (keshashiba, nikaambiwa),
yakatawanyika mpaka uvunguni mwa kabati.
Kisha akapiga magoti, mkono wote ndani ya vumbi,
akayaokota: moja, mbili, tatu, saba, kumi.
Akayarudisha bakulini, akaniletea chini ya pua.
"Mbona yanazoleka?"

Sikuwa na jibu. Tukagawa zamu:
mdoli asiye na nywele, gari la zimamoto,
kiatu changu cha kushoto.
Kila mmoja vifuniko vitatu vya maji.
Kiatu kikalalamika. Rayya akakiongezea.

Saa kumi na nusu Zuwena akafungua mlango,
akaganda hapo hapo, mkoba begani.
"Nani kafanya haya?"
Tukanyoosheana vidole, kwa pamoja.

Usiku nikaamka kwenda kunywa maji.
Gizani, peku, ukumbini,
nikakanyaga tone moja gumu.
Nikaliokota, mguu unauma,
nikalirudisha pale linapoanzia,
juu kabisa ya mrefeji.