Tiki Mbili za Buluu

Picha ilipigwa sokoni Mudete, Jumamosi:
karai la omena limempindukia Mideva,
sketi imejaa tope, mdomo wazi.
Jumapili jioni ilikuwa stika.
Jumatatu kiti chake kilikuwa kitupu.

Nikawauliza Kidato cha Pili: nani aliiona?
Mikono arobaini.
Nani alisema neno?
Mabati tu yakaalika juani.

"Mimi sikucheka, Mwalimu," akasema Oyondi.
"Niliiona tu."

Nikawagawia vipande vya karatasi:
sentensi moja, ya kumtetea.
Wengine wakaandika insha. Wengine methali.
Mmoja akachora ngumi; nikamrudishia,
moto hauzimwi kwa mafuta ya taa.
Cha Oyondi kilikuwa na neno moja,
limekatwa, limeandikwa tena:
Futa.

Sikuwaambia kwamba katika kundi la walimu,
juzi tu, walikicheka Kiingereza cha Bi Kavosa,
nami nikasoma, nikaweka simu chini ya mto,
nikalala.

Saa tatu usiku Oyondi akalituma neno lake.
Wakamrukia. Wakili wa omena! Bwana Tope!
Dakika nne alikuwa peke yake mle,
alinionyesha kesho yake, saa zimeandikwa.
Kisha Chanzu, asiyefungua kinywa hata darasani:
Futa.
Kisha mwingine.

Mideva alirudi Alhamisi.
Hakuna aliyepiga makofi.
Oyondi alisogeza begi, akakaa.

Jioni nikalifungua kundi la walimu.
Kidole changu, cha miaka hamsini na miwili,
kikatetemeka juu ya herufi F.