Goti la Kushoto

Goti la kushoto la Muhanna nalijua kuliko mkewe alijuavyo.
Miaka kumi na moja nalifunga bendeji
katika chumba hiki kisicho na dirisha, hapa Ibra,
feni ikisukasuka harufu ya dawa ya kuchua na soksi.
Nikibonyeza pembeni, hapa, linalia
kama mlango wa ghala la tende.
Nikibonyeza hapa, kimya.
Kimya hicho ndicho kinachonitisha.

Jana kamati ilikaa baada ya Isha,
joto likiwa bado limeegemea ukuta wa nje.
Mwenyekiti, Bwana Zahran, hupenda mifano ya mitende:
mtende mkongwe haukatwi, alisema,
mpaka mwanawe ashike udongo.
Mhazini hapendi mifano. Alifungua daftari:
mechi ishirini na sita msimu uliopita, kacheza kumi na nne,
sindano tano, safari mbili za hospitali Maskati,
na mshahara uleule, haukosi, kama deni.

Kisha jina la kijana likatajwa, kwa sauti ya chini,
vile wanaume wanavyonong'ona habari za mke wa pili
na yule wa kwanza yuko jikoni.
Azzan, wa Mudhaibi, miaka kumi na tisa.
Miguu yote miwili mizima. Kichwa,
akasema kocha, kichwa bado cha mbuzi.
"Atajifunza."
"Kwa nani?"
Wote wakatazama ndani ya vikombe vyao.

Ndipo wakanigeukia. "Feruzi, wewe fundi wake.
Sema kweli. Limebakisha mechi ngapi?"
Mtia kahawa alikuwa kasimama mbele yangu na dele.
Kwetu huku, usipotikisa kikombe unamiminiwa tu.
Sikutikisa. Nikanywa cha nne, kichungu,
nikasema: "Kumi na mbili. Akipumzishwa, kumi na tano."
Nikaandika, nikatia sahihi
kwa mkono huuhuu.

Leo kaja mapema, kabla ya wenziwe.
Kapanda kitandani, kauning'iniza mguu,
na kwa Kiswahili, kile cha bibi zetu,
tunachokitoa tukitaka kocha asifuate,
akauliza: "Umewaambia ngapi?"
"Kumi na mbili."
Akacheka mpaka kitanda kikalia.
"Mwongo mzuri wewe. Futa. Andika tano."

Nikamwambia goti lako, karatasi yangu.
"Tano, Feruzi. Ya Sur siichezi, uwanja wao ni saruji tupu.
Ya Nizwa nusu. Nyingine mwachieni mtoto aanze
nami nikiwa benchi, sauti yangu ingali na miguu.
Mkingoja nivunjike ndipo mumwite
ataingia akinikanyaga. Mimi niliingia hivyo.
Unamkumbuka Mbarak?"

Namkumbuka. Machela ilipita hivi,
na Muhanna, mwembamba kama fimbo ya mchunga ngamia,
alikuwa kwenye mstari anavua koti la mazoezi,
zipu imemkwama, anatetemeka,
na uwanja mzima unaita jina la mwingine.
Msimu mzima aliipiga mipira
kana kwamba anaomba radhi.

"Kikombe," akasema, "hutikiswa na mwenye kunywa."

Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini.
Hawakutuachia neno
la yule anayerejea akitembea.

Kalamu nilikuwa nayo. Sikuandika bado.
Mlango ukafunguka: Azzan, viatu mkononi,
hajui akae wapi.
Muhanna akasogea, akakipiga kitanda kofi.
"Mfunge na huyu."
"Huyu hana jeraha."
"Ndiyo. Aujue mkono wako mapema."

Nikalishika goti la kijana.
Nikabonyeza pembeni, hapa.
Na hapa.
Halikutoa sauti.
Halina la kusema bado.